Kigoda cha Tope Jekundu

Inspekta aliingia dukani kama mnunuzi, na kama wanunuzi wote alianza kudanganywa kabla hajafunga mlango.

"Hicho ulichokishika kina miaka mia na ushei, mama yangu," mwenye duka alimwambia akitokea nyuma ya kaunta. "Babu wa babu yangu alikikalia. Asilia kabisa."

Kijijini walimwita Bwana Asilia kwa sababu ya neno hilo. Alilibandika kwenye kila kitu: kwenye bangili za plastiki zilizokuja na maboksi kutoka kiwandani, kwenye makombe ya baharini yaliyopakwa vanishi, kwenye vinyago vilivyopangwa rafu tatu mpaka karibu na feni. Hata feni yenyewe, ungemwachia dakika mbili, angekuambia ni urithi wa ukoo. Duka lilikuwa kimya. Msimu wa wageni ulikuwa umepita, vumbi limelala juu ya kioo, na kwa kuwa hakuna mwenyeji anayenunua zawadi ya kwao, wateja wa juma zima walikuwa Inspekta peke yake na koplo wake, aliyebaki nje kwenye gari akijifanya dereva wa teksi.

Kitu kilichokuwa mkononi mwa Inspekta kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, kidogo, cha kumtosha mtoto anayejifunza kukaa. Mti wake ulikuwa mwekundu wa kukolea, umelika pembeni kana kwamba umepita makalio ya vizazi vinne. Alikigeuza. Chini ya kikalio palikuwa na mikato mitatu ya patasi iliyosimama sambamba, na wa nne umeilalia.

Mikato hiyo hiyo ilikuwa imechorwa kwa penseli kwenye daftari lililokuwa mkobani mwake. Aliichorewa siku saba zilizopita na mke wa mchongaji mmoja aliyeitwa Patasi, ambaye kwa miezi minne sasa hakuna aliyemtia machoni.

"Namtafutia dada yangu zawadi," Inspekta alisema. "Nataka kitu cha hapa hapa. Mwaka jana nilimpelekea kinyago, akakigeuza akakuta jina la kiwanda."

"Hao ni matapeli," alisema Bwana Asilia kwa uchungu wa mtu aliyetukaniwa kazi yake. "Mimi hapa siwezi. Njia ya mwongo ni fupi."

"Una vingine vya mkono huu huu?"

"Viwili tu. Havitaongezeka, mama. Fundi mwenyewe alishakuwa udongo."

Alilisema kibiashara, kama alivyowaambia wageni mia kabla ya huyu. Inspekta alikiweka kigoda juu ya kaunta, na pembeni yake akaweka kitambulisho cha polisi.

"Rudia hilo la mwisho. Polepole."

Bwana Asilia alitazama kitambulisho, akatazama kigoda, akatazama mlango. Dereva wa teksi alikuwa amesimama mlangoni, na wala hakufanana tena na dereva wa teksi.

"Afande, hayo ni maneno ya biashara tu. Nimesema udongo kwa sababu ya miaka mia. Mtu wa miaka mia anakuwaje?"

"Kina miaka mingapi?"

"Miezi."

"Mingapi?"

"Minne, labda mitano. Mimi nilikikuta kimeshazeeka."

"Alikuuzia nani?"

Alifuta kioo cha kaunta kwa kiganja, ingawa vumbi lilikuwa upande wa pili. "Mzee Bamvu. Baba yake Patasi. Alileta saba, wiki tatu zilizopita. Vinne vimeshanunuliwa."

"Ulimuuliza alikovipata?"

"Hapa huulizi, afande. Vyote vinatoka topeni."

Akaeleza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alieleza kweli tupu. Wageni hawataki kitu kipya. Kinyago kilichotoka jana kwenye patasi, hata kiwe kizuri vipi, wanakipita kama mlango wa jirani. Basi wachongaji wa kijiji, tangu zamani, wanakizika kitu kipya kwenye tope la hori, nyuma ya mikoko, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Kila fundi ana shimo lake na kigingi chake cha alama. Mti unalala humo miezi mitatu, unatoka umezeeka karne moja.

"Na fundi akiwa safarini, nani humfukulia?"

"Hakuna. Shimo la mtu haliguswi. Hata ukikaa mwaka, utarudi utakuta vitu vyako."

"Haliguswi kabisa?"

"Kabisa. Ila akifa. Akifa, ndugu zake ndio..." Bwana Asilia hakumaliza. Alikuwa amefika pale ambapo Inspekta alimtangulia kufika. Alijikalisha juu ya boksi la bangili. "Mungu wangu," alisema, na safari hii hakuongeza asilia.

Inspekta alimwandikisha maelezo ukurasa mmoja na nusu: vitu saba, kimoja kimoja, siku vilipoletwa, na nguo alizokuwa amevaa mzee. Akavifunga vile vitatu vilivyobaki kwenye mifuko, akavitia lebo za ushahidi. Bwana Asilia alitia sahihi bila kusoma.

*

"Mimi naona limekwisha," Koplo alisema akiwasha gari. "Kafukua shimo la mwanawe. Asingelifukua kama hajui mwanawe kafa. Na kama anajua, kajuaje? Tumfuate."

"Kujua si kuua."

"Na yule tuliyemweka ndani?"

Yule waliyemweka ndani alikuwa mdogo wake Patasi, kijana mkimya wa miaka ishirini na tatu, aliyekutwa akitumia simu ya kaka yake. Koplo ndiye aliyemkamata, na alijivunia sana kazi hiyo. Siku ya sita sasa kijana alikuwa mahabusu akirudia neno moja. Kesho ilikuwa lazima apelekwe mahakamani au aachiwe.

"Kwanza kwa mke," Inspekta alisema. "Yeye ndiye aliyeviosha vitu vya mumewe miaka sita yote."

Mke wa Patasi aliishi vyumba viwili nyuma ya ghala la barafu la wavuvi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Aliwafungulia mlango huku mkono mmoja umeshika kiuno, akawakaribisha, akataka kuinuka tena awachemshie chai, Inspekta akamkatalia. Kitandani palikuwa na nguo za mtoto zilizokunjwa vizuri: mashati matatu, kofia, soksi ambazo zingekaa kwenye vidole viwili vya mtu mzima.

Siku saba kabla, alipokuja kituoni, hakulia wala hakumtaja mtu kwa ubaya. Alisema neno moja tu ambalo Inspekta hakuwahi kuliandika kwenye maelezo, kwa kuwa halikuwa na mahali pa kuandikwa. "Nataka kujua mimi ni mke, ni mjane, au nimeachwa. Kila mmoja ana namna yake ya kulala."

Inspekta alikitoa kigoda kwenye mfuko akamkabidhi.

Mwanamke alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ile mikato minne.

"Hiki alikizika siku ile," alisema. "Vilikuwa saba. Mimi ndiye niliyemshikia mdomo wa gunia."

"Ulituambia hayo. Kuna ambalo hukutuambia?"

"Lipo." Alikipakata kigoda. "Siku ile hatukuamka vizuri. Alikuwa amekazania kwenda mjini kwenye maonyesho. Wiki nzima ni mjini, mjini. Mimi na kichefuchefu changu nikamwambia, nenda basi, unatuzibia mlango. Akacheka, akabeba gunia. Usiku ule hakurudi. Asubuhi baba mkwe akaja, akasema jana alitoka topeni, akaoga kwake, akapanda lori la mjini, kachukia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfukuza, afande. Karibu miezi minne nilikaa nikijua hivyo. Mpaka nilipoiona simu yake kwa shemeji. Nikasema, mtu gani anakwenda mjini anaacha simu?"

"Na hizi nguo?"

"Anazituma yeye. Kwa dereva wa lori. Mara tatu sasa, baba ananiletea."

"Dereva umemwona?"

"Baba ndiye humwona." Alizishika zile soksi kwenye kiganja. "Mtu anakumbuka soksi, hakumbuki kutuma neno moja? Hata 'mnaendeleaje'?"

Koplo aligeukia dirishani. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano nyumbani.

Inspekta alisubiri mwanamke afute uso. Kisha akauliza lililomleta. "Kiangalie tena. Kuna chochote si sawa?"

Mke wa Patasi alikisogeza kwenye mwanga. Alikinusa, akakwaruza mguu mmoja kwa ukucha.

"Rangi," alisema. "Hii si rangi yake. Mume wangu huweka misumari kuukuu shimoni, vitu vyake hutoka vyeusi kama chungu. Nimevipaka nta miaka sita, nisijue? Wekundu huu ni wa magome ya mkoko." Alitafuta kosa katika alichokuwa anakwenda kusema, asilione. "Anayeweka magome ni mmoja tu. Ni baba."

*

Ndani ya gari Inspekta alifungua daftari juu ya goti.

"Kazi ya mtoto, tope la baba. Ilizikwa shimo moja, imeivia shimo jingine. Wewe ungeihamisha kwa nini?"

"Labda shimo la mtoto ni baya."

"Miaka sita limetoa vitu vyeusi kama chungu. Mkewe kasema."

"Labda anaficha wasivione."

"Anaficha, kisha anavipeleka dukani kwenye rafu ya mbele? Fikiri, Koplo. Mwaka huu umehama nyumba mara ngapi?"

"Tatu," Koplo alisema kwa huzuni. Wenye nyumba hawakumpenda.

"Vitu unavitoa chumbani lini?"

"Pakihitajika nafasi ya mtu kulala..." Akaachia kanyagio la mafuta. Gari likapunguza mwendo lenyewe katikati ya barabara tupu. Koplo akalielekeza kwenye karakana ya mzee.

Mzee Bamvu alipewa jina hilo kwa sababu ya maji. Bamvu ni yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mzee huyu aliyahesabu kichwani kama wengine wanavyohesabu watoto wao. Wachongaji wote wa kijiji walipitia mlangoni kwake kabla ya kwenda topeni. "Mzee, maji?" Naye, bila kuinua uso, hutaja saa. Hakuna aliyewahi kumuuliza mara mbili.

Walimkuta kwenye benchi akipiga msasa mpini wa upawa. Kuta zilikuwa zimejaa tezo, randa na patasi za kila ukubwa, zimening'inizwa kwa mpangilio. Mabenchi yalikuwa matatu, na mawili hayakuwa na mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi." Msasa haukusimama. "Mtoto wangu anakula huko?"

"Anakula kidogo. Anasema lile lile: kaka aliniachia simu nimchajie, akaenda topeni, sikumwona tena."

"Ndivyo alivyo. Hana maneno mengi."

"Wewe ulituandikisha kwamba Patasi alitoka topeni, akaoga, akapanda lori. Mmoja wenu amekosea."

"Mimi ni mzee. Labda nimechanganya siku."

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye ndoo ya kuokotea chaza alipita mlangoni. "Mzee, maji?" akaita.

"Soma karatasi hapo."

"Lo! Siku hizi umekuwa mvivu," mwanamke akacheka. Akasoma kitu kwenye ubao wa mlango, akaenda zake.

Inspekta aliinuka kwenda kutazama. Palipigiliwa karatasi ya chapa, ratiba ya kupwa na kujaa, ile wanayoigawa bandarini. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine tatu zilizokwisha muda. Aliinua moja moja mpaka ya chini kabisa, akaangalia mwezi. Mwezi wa ile ya kwanza ulikuwa ule uliofuata baada ya Patasi kupotea.

"Karatasi hizi umeanza lini kuzihitaji, mzee?"

Msasa ulisimama.

Inspekta alirudi akakiweka kigoda kwenye benchi, mikato juu. Mzee alikitazama, kisha akakiwekea kiganja, taratibu, kama unavyompapasa mtoto kichwani.

"Alama ni ya mwanao," Inspekta alisema. "Tope ni lako. Kesho saa sita na nusu mchana maji yatakupwa, mimi nitakuwa na kibali cha hakimu, na nitakwenda na watu kwenye kigingi cha Patasi. Nafukua."

"Shimo la mtu halifukuliwi."

"Ila akifa."

Mzee alikigeuza kigoda, mikato chini.

"Una watoto wawili, mzee wangu," Inspekta alisema, na hapa aliteremsha sauti. "Mmoja yuko mahabusu siku ya sita kwa kusema kweli. Nisaidie kumtoa huyo."

Mzee Bamvu aliinama akajikung'uta vumbi la mbao magotini, goti moja, kisha la pili. Alipoanza kusema, alisema akikitazama kigoda.

"Nilikuwa na homa. Sikumwambia mtu. Nililala humu humu karakana, mvua inanyesha, mwezi hauonekani. Nilipoamka nikadhani nimelala siku nne. Nilikuwa nimelala mbili."

Koplo alikuwa anaandika. Kalamu ilisikika.

"Akaja na gunia lake. Akaniuliza, baba, maji? Nikamwambia yatakupwa saa tisa, mpaka saa kumi na moja una nafasi yako. Kumbe yalikuwa yamekupwa tangu saa saba na kitu. Alipoingia topeni yalikuwa yanarudi. Shimo lake liko ng'ambo ya mkondo. Maji huanza kujaa nyuma yako, huyaoni. Na ukiwa umezama kiunoni unachimba, tope halikuachii haraka. Lazima uombe mtu akuvute, na siku ile ya mvua wengine hawakwenda."

"Hukumuuliza mtu ni siku gani?"

"Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi miaka arobaini ndiye ninayeulizwa. Nikadhani kuuliza ni kwa wengine."

"Ukamkuta lini?"

"Usiku wa manane, maji yalipotoka tena. Alikuwa amesimama, afande. Tope lilikuwa limemshika mpaka hapa." Alijigusa kifuani. "Nilimvuta mpaka mikono ikakataa. Kumtoa sikuweza. Basi nikalipanua shimo, nikavitoa vile vitu vyake miguuni pake, ili alale vizuri. Nikamlaza. Nikamfunika."

"Ungeita watu."

"Ningewaambia nini? Kwamba mimi ndiye niliyempa saa?" Kwa mara ya kwanza aliinua uso, na ulikuwa umelowa wote. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwangu hakikuniumbua mimi. Kilimchukua yeye."

Inspekta alimpa leso. Kisha akarudi kazini, kwa sababu maelezo nusu hayamsaidii mtu.

"Vitu vyake ukavizika kwako."

"Ndiyo kazi yake ya mwisho. Niiache ioze? Na mkwe wangu alikuwa na mimba, hana kitu. Vilipoiva nikaviuza, nikaongeza nguo za mtoto. Nikasema zimetoka kwake. Kwani hazikutoka kwake?"

"Na huyu aliye ndani?"

"Nilisikia redioni kwamba bila mwili hakuna kesi. Nikasema watamwachia tu. Kila asubuhi nimevaa viatu nije kwenu." Alitazama viatu vyake, vilivyopangwa mlangoni chini ya zile karatasi. "Kila asubuhi nikavivua. Nilitaka mkwe wangu ajifungue kwanza, ndipo nimwambie. Nilitaka mtoto azaliwe kabla babu yake hajajulikana."

Koplo aliusukuma ukurasa mbele yake. Mzee alitia sahihi kila mahali alipoonyeshwa, kwa mkono uliokuwa hautetemeki hata kidogo, mkono wa fundi. Kisha akavaa viatu.

*

Kijana aliachiwa jioni ile. Koplo mwenyewe alimfungulia, akamrudishia mkanda na kamba za viatu, akasimama mbele yake. "Ulisema kweli tangu siku ya kwanza," akasema. "Samahani, ndugu yangu." Kijana alifunga kamba za viatu, akauliza, "Kaka yuko wapi?" na Koplo ikabidi amwambie.

Kwa mke wa Patasi, Inspekta alikwenda peke yake. Alimwambia yote akiwa amekaa sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Mwanamke hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili tu.

"Kwa hiyo hakuondoka kwa ajili ya maneno yangu?"

"Hakuondoka kabisa. Alikuwa amalize kazi arudi nyumbani."

"Na soksi?"

"Za baba."

Hapo ndipo alipolia, ameukumbatia mto, kwa kilio cha chini kilichokaa muda mrefu sana. Inspekta alibaki pale chini mpaka kikapungua. Alikuwa amewapa watu habari za namna hii mara nyingi, na hakuna hata mara moja aliyopata kuwa hodari wa kazi hiyo.

Kesho yake saa sita kasoro walikuwa horini. Mvua haikuwepo, jua lilikuwa kali, na tope lilinuka majani yaliyooza. Wachongaji sita walikuja na makoleo, mbao za kukanyagia na shuka jeupe jipya. Hakuna aliyewaita. Mke wa Patasi aliambiwa abaki nyumbani, akaja. Shemeji yake alimshika mkono kwenye mteremko, akampatia pa kukaa juu ya gogo. Kigoda kilikuwa mapajani mwake, na lebo ya ushahidi ikining'inia mguuni.

Mzee Bamvu aliteremshwa kwenye gari ili aonyeshe kigingi. Inspekta hakumfunga pingu. Mwanawe mdogo alimtazama baba yake akipita, akarudi kusimama nyuma ya gogo. Mzee naye hakusimama. Alinyoosha mkono tu kuonyesha ng'ambo ya mkondo, kwenye kijiti kilichoinama.

Wachongaji wakakunja suruali. Wakapanga mbao. Na kisha, kwa kuwa wamefanya hivyo tangu wakiwa wadogo, na baba zao kabla yao, yule mkubwa wao aligeuka nyuma kabla ya kuingia topeni.

"Mzee, maji?"

Hakukusudia. Neno lilimtoka, na lilipomtoka wote walisikia lilivyo, wakabaki wamesimama na makoleo mkononi.

Mzee Bamvu alitazama mkondo. Alitazama ule mstari wa maji kwenye mizizi ya mikoko, kama mtu anayesoma barua ambayo aliijua kwa moyo.

"Msiniulize mimi," alisema. "Mwanangu aliniuliza, nikamjibu."

Inspekta aliitoa karatasi ya bandarini mfukoni, akaisoma kwa sauti. Walikuwa na saa mbili na robo. Akairudia. Wachongaji waliitazama karatasi, wakamtazama mzee, na hakuna aliyenyanyua mguu.

Kule kwenye gogo mke wa Patasi alikuwa ameinuka, mkono mmoja kiunoni.

"Saa mbili zinatosha," alisema. "Ingieni mnitolee mume wangu."

Wakaingia.